Sarafu ya Timor na Goti la Mama Mkwe

Mjomba wangu ni fundi saa, mtu mwenye akili timamu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Akishafunga kibanda chake, akili anaiacha humo humo. Jioni ni ya sarafu za fedha za makoloni ya Ureno: Msumbiji, Angola, Goa, Makau, na visiwa ambavyo hatavikanyaga maisha. Ilikosekana moja tu, ya Timor, na kwa ajili yake alikuwa anakonda.

Siku moja akampata karani mstaafu wa forodha aliyekuwa nayo. Walikubaliana wabadilishane kwa ya Msumbiji, kwa kuwa mjomba alikuwa nazo mbili.

"Ila iwe na weusi wake," karani alisisitiza. "Iliyosuguliwa siitaki hata bure. Nitakuja Jumamosi."

Jumatano mke wa mjomba, kwa nia njema kabisa, alizisugua sarafu zote kwa majivu na ndimu. Mgeni anakuja, akute uchafu? Mjomba aliporudi akaziona zinavyometa, alikaa chini sakafuni. Tena Msumbiji ilikuwepo moja tu. Akiitafuta ya pili, alifungua bomba lote la sinki, akapata vijiko viwili na jino ambalo hakuna aliyelidai.

"Weusi ulitoka kwa watu," akasema hatimaye. "Utarudi kwa watu."

Basi siku tatu nyumba nzima tulivaa sarafu. Mimi nilikuwa na Angola ndani ya soksi. Mkewe alibana Goa kwapani, akawa anapika kwa mkono mmoja. Mjomba mwenyewe alilala na Msumbiji mdomoni. Aliyekataa ni mama mkwe wake tu. Hao wawili walikuwa na miaka sita nyumba moja, na kila neno lilipitia kwa mkewe.

"Mwambie mumeo mimi si kabati," alisema bibi huyo.

Jumamosi karani aliishika Msumbiji, akaigeuza, akainusa.

"Hii imesuguliwa. Halafu imelambwa."

Akaanza kufunga mkoba wake. Mjomba machozi yalimlenga, na mimi niliyemcheka wiki nzima nikamhurumia kweli.

Wakati huo mama mkwe alikuwa anapita kwenda kuota jua, leso imefungwa gotini. Leso ikalegea. Sarafu ikaanguka sakafuni, nyeusi tii.

"Niliichukua Jumanne," alisema bila haya. "Miaka kumi goti haliniachi nilale. Tangu Jumanne nalala."

"Ndiyo hii!" karani akapiga kelele.

"Ndiyo nini? Hilo ni goti langu."

Mjomba akapiga magoti mbele yake. "Mama, nakuomba."

Tukaduwaa. Alikuwa amemwambia mwenyewe, uso kwa uso. Bibi akainua leso yake tupu.

"Na mimi nifunge nini? Hizo zenu zinanuka."

Karani aliondoka na Msumbiji. Timor iko ndani ya leso, gotini kwa mama mkwe, na haivuliwi. Kwa hiyo kila jioni mjomba hufunga kibanda, huchukua lenzi yake ya kazi na kupiga magoti mbele ya kiti cha bibi.

"Mama, naomba niione."

"Umekula?" humuuliza kwanza.

Akijibu hajala, leso haifunguliwi mpaka ale.