Kizibo cha Nyasi

Mume wangu Dionizi alitoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila na vitu viwili vya thamani: mimi na kengele ya mbwa. Akisimulia, huanza na kengele.

Ilikuwa ya baba yake, chuma cheusi kilichofuliwa Burundi, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kwao mbwa wa kuwinda hana makelele. Anafungwa kengele shingoni, na mwindaji anamfuata kwa sikio. Ila kambini kuwinda kulikatazwa, kwa hiyo wanaume waliiziba kengele kwa kizibo cha nyasi hadi wapite kituo cha walinzi. Wakishaingia porini kizibo kinatolewa, kinatiwa mfukoni, mbwa anaachiwa. Dionizi alifundishwa hivyo akiwa na miaka tisa, na jambo ulilofundishwa kwa hofu halikutoki.

Marekani tulianzia Louisville, tukakaa miaka minane. Yeye alisimama kwenye mashine ya kukunja mabati, mimi nilifua mashuka ya hoteli. Mashine ile iligonga kutwa nzima, na jioni aliporudi nilikuwa kama ninayezungumza na ukuta. Kisha tukaenda Columbus, kwenye maghala, na huko msimamizi wake wa zamu, mzee wa Kizungu, akamchukua kwenda kuwinda sungura siku moja ya baridi kali. Alirudi na sungura wawili na uso ambao sikuuona tangu siku ya harusi. Badala ya kufurahi nilinuna, maana nilijua pana mbwa anakuja.

Akaja kweli, ana madoa ya kahawia na masikio ya kuning'inia, akalala sebuleni kwangu. Wenzangu wa kwaya hawakunyamaza: mtu mzima, baba wa watoto, analaza mbwa kwenye zulia! Dionizi akampa mbwa jina la kuwajibu. Akamwita Watasema.

Tulipohamia Buffalo mbwa ndiye aliyepanda gari wa kwanza. Kusini mwa mji yuko mkulima aliyemruhusu Dionizi kuwinda shambani kwake, na kila Jumamosi ya msimu, theluji inyeshe isinyeshe, alivaa koti lake la rangi ya machungwa, akabeba shotgani yake, wakaondoka wawili. Siku tano alikuwa mtu wa ghala. Jumamosi alikuwa mtoto wa baba yake. Mimi nililalamikia ile kengele tu, kwamba ndani ya gari inanipasua kichwa, naye akacheka, akarudisha desturi ya kambini: kizibo cha nyasi kavu, kimesokotwa na kufungwa uzi mwekundu.

Sasa niseme aibu yangu. Mwaka ule nilimwita mume wangu mara mia na hakuitika. Televisheni aliifungulia mpaka majirani wakagonga ukuta. Binti yetu Florida akimjibu kwa Kiingereza chake cha haraka, baba anamwambia, "Sema kama mtu!" Mimi nikasema ni kiburi, uzee umemjia na kiburi juu. Nilimtania mbele ya wageni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wageni wakacheka, naye akacheka kwa kuwa aliona wenzake wanacheka.

Jumamosi moja ya Januari alirudi jioni peke yake. Theluji inayoletwa na upepo wa ziwani ilikuwa inaanguka tangu adhuhuri. Alisimama mlangoni na buti zake, maji yakichuruzika kwenye zulia langu, na sikumgombeza kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mbwa.

"Watasema amepotea," alisema. "Nilisahau kutoa kizibo, Mama Florida. Nimemwachia na kengele imezibwa. Nimemtafuta mchana wote. Kimya."

"Wewe, usahau kizibo?"

"Nimesahau. Ningekitoa, ningemsikia."

Hakula. Alikaa dirishani akitazama theluji inavyozidi, akisema kila mara, kama mtu anayejihukumu, "Kizibo tu. Kitu cha sekunde moja." Mimi Generoza, niliyemchukia yule mnyama miaka minne, nilipiga magoti nikamwombea, na sikuona haya.

Jumapili hatukwenda kanisani. Tulikwenda shambani. Theluji ilifika magotini na baridi ilichoma ndani ya pua. Dionizi alitangulia akiita, "Watasema! Watasema!" sauti imempasuka, na mimi nilifuata nikikanyaga alipokanyaga. Kila baada ya hatua chache alisimama, akatazama pande zote, akaendelea. Tulifika ukingoni mwa shamba, penye safu ya misunobari, na hapo nikasikia.

Kengele. Mlio mmoja mdogo, kisha mwingine, chini, upande wetu wa kushoto.

"Baba Florida!"

Hakugeuka. Niliita tena kwa nguvu zangu zote. Yeye alizidi kwenda mbele, akimwita mbwa wake huku akimwacha nyuma. Nikafinyanga donge la theluji nikamtupia mgongoni.

"Nini?"

"Husikii? Kengele!"

"Si nimekwambia nimeiziba."

"Inalia! Inalia sasa hivi!"

Aliinua kichwa, akakigeuza huku na huku, mdomo wazi. Kengele ikalia tena, safari hii wazi kabisa. Dionizi alikuwa anatazama midomo yangu, anasubiri nimwambie kama imelia. Nilielewa yote palepale, mashine ya Louisville na televisheni na vicheko vya wageni, na nilijichukia.

Watasema alikuwa mtaroni chini ya misunobari, mguu umenaswa kwenye waya wa ua wa zamani. Alikuwa amechimba theluji mpaka akafika kwenye udongo. Aliinua kichwa alipotuona, hakuweza zaidi ya hapo. Na hatua tatu kutoka ukingo wa mtaro, mahali ambapo matawi yalizuia theluji, palikuwa na nyayo za buti za Dionizi za jana. Zilikwenda. Zilirudi. Zilikwenda tena.

Dionizi hakuziona. Alirukia mtaroni akaanza kuhangaika na waya. Nikazikanyaga nyayo zile, zote, nikiburuta miguu kama mlevi. Kisha nikashuka, nikafungua mkanda wa shingoni mwa mbwa, na kengele ilikuwa tupu, haina kizibo. Nilimpa mume wangu mgongo. Nikang'oa nyasi za mtaroni, zimelowa barafu, nikazisokomeza ndani.

"Tazama," nilimwambia, uso wangu mbele ya uso wake. "Ulisahau kweli. Nyasi zimelegea leo, ndiyo maana nimesikia kidogo."

Aliitazama kengele, akatikisa kichwa kukubali. "Nilijua," alisema. "Nilijua ni kizibo." Alisema kama mtu aliyepunguziwa mzigo, nami nikamshukuru Mungu kwa uongo wangu.

Niliendesha mimi. Yeye alikaa kando yangu na Watasema mapajani, amemfunika kwa kitenge changu, akimsugua mbavu na kumwambia kwa Kirundi maneno ambayo watu huwaambia watoto wenye homa. Kabla hatujafika barabara kuu mbwa alijinyoosha, akatulia, pumzi imekwisha. Dionizi aliendelea kumsugua kwa muda. Halafu akalia, akatia mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso.

Mkono ukatoka na kizibo. Kikavu, kimesokotwa, na uzi wake mwekundu.

Tulikitazama wote wawili. Akakiweka gotini, karibu na kengele iliyokuwa inachuruzika maji ya nyasi zangu.

"Jana," aliuliza, "ilikuwa inalia?"

"Ndiyo," nilisema kwa sauti ya chini.

"Umesemaje?"

Nikasimamisha gari pembeni. Nikamgeukia, nikavuta pumzi, na nikamwambia mume wangu, kwa kupiga kelele, kwamba ilikuwa inalia.