Mchezo wa Sikukuu Alioukosa Bibi

Idi ya mwaka huu nimeipokea nimekaa. Niliteleza ngazini siku mbili kabla, mguu ukafungwa hogo la plasta, na sasa niko kwenye kochi hapa nyumbani, mjini Ibra, Oman, kama mzigo uliosahauliwa. Bokoboko limeshaliwa. Wanaume wamekwenda kwenye shimo la mtaa kufukia nyama ya shuwa iive taratibu kwa makaa. Nimebaki na binti yangu, na binti yangu amebaki na tableti yake. Anatazama filamu ya Krismasi ya Kimarekani, siku ya Idi! Theluji inaanguka, na familia nzima imejazana mbele ya televisheni moja.

Ndugu yangu, picha ile imenirudisha mbali.

Nilipokuwa mdogo nasi tulikuwa na televisheni moja, sebule hii hii, na kila Idi baada ya alasiri kulikuwa na mchezo wa kuchekesha. Bibi yangu alikuja Oman kutoka Unguja akiwa mtu mzima. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu. Cha vichekesho kilimpita. Basi mkalimani wake nilikuwa mimi. Alinikalisha mkekani, akanishika mkono kwa kiganja chake chenye harufu ya udi na bizari. "Haya, mjukuu wangu, wasemaje hao?"

Wenzangu wote walikuwa Ayyud, uwanja wa sikukuu, wakinunua maputo na bastola za plastiki. Kelele zao zikiniingilia dirishani. Mkono wa bibi ulikuwa mwepesi, lakini kwangu ulikuwa pingu. Nilimpenda, sikufichi, na nilimchoka vile vile.

Idi moja nilishindwa. Mchezo haujafika hata nusu, nikainuka nikazima.

"Umekwisha, bibi."

"Mbona upesi?"

"Wa mwaka huu mfupi."

Akaniachia mkono. Nilitoka mbio, viatu nimevishika.

Niliporudi karibu na magharibi na puto langu jekundu, nilimkuta pale pale, mbele ya kioo cheusi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Mjukuu wangu, kwa jirani walikuwa bado wanacheka."

Dirisha lilikuwa wazi muda wote. Natamani angenipiga. Badala yake alinimiminia chai ya tangawizi, akalisifu puto langu.

Tangu Idi iliyofuata hakuniuliza tena wasemaje. Nilikuwa huru kwenda Ayyud tangu asubuhi, na wala sikuona raha niliyoitarajia. Jioni bibi alikaa katikati yetu, macho kwenye televisheni, na watu wakicheka naye alicheka, amechelewa kidogo. Alifanya hivyo mpaka alipofariki.

Siku hizi hatukai tena sote mbele ya mchezo mmoja. Kila mtu ana chake mkononi na waya masikioni. Mkeka ule sijui ulikwenda wapi. Kiswahili cha bibi tumebaki nacho mimi na dada zangu kwenye simu, na wanangu nikiwasemesha hunijibu Kiarabu.

Filamu ya binti yangu ni ya Kiingereza, na Kiingereza mimi sina. Nimesogea karibu yake, nikamuuliza, "Mwanangu, wasemaje hao?" Amenitafsiria maneno mawili matatu, jicho mlangoni. Kisha amefunga tableti.

"Khalas, mama. Imekwisha."

"Mbona upesi?"

"Fupi tu, mama."

Hapo ndipo nilipoona kuwa nimemshika mkono. Nimemwachia. Amekwenda chumbani kwake na tableti yake, akarudisha mlango.

Wazee walisema malipo ni hapa hapa duniani. Sikuweza kumkasirikia; hata mimi, mguu huu ungekuwa mzima, ningelikimbia kochi hili.

Baada ya kitambo nimesikia kicheko chake nyuma ya mlango. Nami nimecheka, nimechelewa kidogo.