Fito za Chuma kutoka Machimboni

Harufu ya chuma kinachoungua hunitia hasira. Wengine wakiisikia hukohoa, hufunika pua kwa kanga, hupita zao. Mimi hutamani kumpiga mtu kofi, na anayestahili kofi hilo tulishamzika siku nyingi. Kila asubuhi mjukuu wangu Adelina huwasha mashine yake ya kuchomelea hapa mbele ya nyumba, Kayanga, na kila asubuhi namwambia ataniua na harufu yake. Hunijibu, "Hamia uani, Bibi." Sihamii ng'o. Nakaa hapo hapo na kikombe changu cha uji, namtazama akiunga mageti na grili za watu, suruali imejaa matundu ya cheche, akiziruka nyaya za umeme kwenda na kurudi kama mtoto anayecheza kamba. Kila akiziruka najikuta nimebana pumzi, mtu mzima mimi, na akili zangu timamu.

Ngojeni niwaambie ninyi, maana hata wanangu wa kuzaa sijawaambia.

Baba yangu alikuwa mhunzi kule Kamuli. Nyumbani tulimwita Taata. Watu wengine walimwita Muhesi, yaani mhunzi kwa Kinyambo, mpaka jina lake la ubatizo likabaki kwa padri peke yake. Babu yake aliyeyusha mawe akapata chuma chake mwenyewe. Lakini nilipopata akili, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka vita vya pili, kazi hiyo ilikuwa imekufa. Majembe mapya yalikuja kwa lori na kupangwa dukani, yamebandikwa karatasi zenye picha, na watu walikwenda kuyatazama Jumapili baada ya misa kana kwamba ni maharusi.

Wasioweza kuyanunua walimletea Taata majembe yao ya zamani, yaliyolika mpaka yakabaki kama vijiko. Kazi yake ilikuwa kuyaunga mdomo mpya. Aliweka jembe kuukuu na kipande kipya motoni pamoja, akaviacha mpaka vikawa vyeupe, akavinyunyizia udongo mkavu wa kichuguu uliosagwa, kisha akavitoa na kuvipiga haraka juu ya fuawe kabla havijapoa. Vikishikana vizuri, hata ukipitisha ukucha hupati mshono. Wakati huo hatukuruhusiwa kupiga kelele. "Nyamazeni," alikuwa akisema, "chuma kinasikia." Nasi tulinyamaza, hata kuku tuliwafukuza.

Shida ilikuwa kukipata hicho chuma. Kizuri kilikuwa springi za lori zilizovunjika, na aliyekuwa nazo ni mwenye duka mmoja pale Isingiro, ambaye alijua fika kwamba hakuna mwingine. Alizilaza barazani pake, na kila Taata alipokwenda bei ilikuwa imepanda. Mdomo wa jembe ukawa unakaribia bei ya jembe zima. Taata alirudi mikono mitupu, akagombana na mlango, akagombana na chungu, halafu akatugeukia sisi. Tuliijua bei ya springi kwa namna alivyofungua mlango.

Mimi nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, nimemaliza darasa la pili katika shule ya misheni. Nilipenda shule kupita chakula. Nilijua kuandika jina langu, Koku, na nililiandika kila mahali, kwenye majivu, kwenye majani ya migomba kwa mwiba, mpaka mama akanichapa kwa kuharibu majani ya kufunikia ndizi. Sasa ada ya mwaka wa mbele haikuwepo. Tena kulikuwa na shangazi, dada mkubwa wa Taata, aliyekuwa na mji wake Songambele lakini hakukaa huko, kazi yake kuja kwetu kutukagua. Shangazi huyo alishasema kwamba binti anayejua kusoma atasoma barua za wanaume.

Jioni moja Taata alikuwa amekunywa rubisi kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, moyo wake umelainika. Akasema mbele ya mama, "Koku, ukinitafutia chuma rahisi kabla ya mvua, unarudi shule." Labda alikuwa ananitania. Mimi sikutania. Niliyameza maneno yale na kulala nayo.

Mama na mimi tulikuwa tukipeleka mikungu ya ndizi kwenye machimbo ya bati, upande wa Kyerwa, kuwauzia wachimbaji. Ni mwendo wa kutoka kabla ya jua na kufika jua likiwa juu ya kichwa. Nyuma ya ghala la pale nilikuwa nimeona fito nene za chuma zimetupwa kwenye nyasi, nyingi, hakuna anayezijali. Safari iliyofuata nilimwacha mama na wanunuzi nikaenda moja kwa moja kwa karani wa ghala, Mhaya wa Muleba, kalamu sikioni.

"Shikamoo, karani. Vile vyuma ni vya nani?"

"Marahaba. Vile ni vya kutu, binti. Vya kazi gani kwako?"

"Vya shule," nikasema.

Alicheka mpaka akatoa miwani. Akaniambia walikuwa wakikorogea nazo madini motoni, sasa zimechakaa, na kwa mkungu mmoja nitaondoka na kiasi kichwa changu kitakachoweza. Kichwa changu kiliweza nyingi. Nilizibeba safari tatu, ngata ya majani ya migomba imelowa jasho, shingo imezama mabegani, na kovu lililo hapa utosini ni la ufito mmoja uliochomoka njiani. Zilikuwa na utando mweupe juu yake, kama maziwa yaliyokaukia kwenye kibuyu. Mama aliukwangua kwa ukucha akasema chuma kinachong'aa hivi lazima ni kizuri. Tulimwamini, mimi na yeye mwenyewe.

Kulikuwa na miiko, nayo haikuwa michache. Mwanamke haingii katika banda la uhunzi moto ukiwaka. Hashiki chuma kinachokwenda motoni. Na zaidi ya yote, haruki mvukuto, ile mifuko ya ngozi inayopuliza moto. Akiuruka, chuma hakitashikana tena. Kwa hiyo nilikuwa nikitua mzigo mbali, chini ya migomba. Taata alizinyunyizia fito zangu maji kwa jani, akasema maneno yake, akazibeba mwenyewe hadi bandani. "Sasa ni safi," alisema. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na alikuwa akitabasamu. Nakumbuka alinishika kichwa pale penye kidonda akauliza kama panauma.

Siku ya kuunga, wingu la mvua lilikuwa limeshakaa juu ya vilima na watu saba walikuwa wamekuja na majembe yao, maana maharage hayangoji. Walikaa juu ya magogo nje ya banda. Shangazi naye alikuwepo, atakosaje? Jirani yetu mmoja alishika mvukuto. Mimi nilisimama mlangoni. Nataka mlishike hili: nilisimama mlangoni, vidole vya miguu vimegusa kizingiti na miguu yote miwili iko nje, kwa sababu nilitaka kuona fito zangu zikiingia motoni, na kwa sababu nilijua miiko kuliko Baba Yetu.

Jembe la kwanza lilitoka jeupe. Taata akapiga. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, na kile kipande kipya kikatengana, kikaanguka chini kama kigaga cha kidonda. Akakirudisha motoni. Kikatengana tena. Akachukua jembe la pili, akaongeza udongo wa kichuguu, akamtukana jirani apulize kwa nguvu. Safari hii kipande kilipasuka vipande viwili. Mmoja wa wale watu saba alisimama akatazama wingu, akaketi.

Taata alitia ufito mwingine motoni, peke yake, bila jembe. Akaushika kwa koleo, akaukodolea macho. Kabla haujawa hata mwekundu, ulianza kutoa jasho. Matone meupe, yanayong'aa, yaliteremka taratibu na kudondokea pembeni, kwenye udongo wa sakafu. Mimi niliyaona kwa sababu nilikuwa nimeinama mlangoni. Wale wa magogoni hawakuweza. Taata alichuchumaa. Aliokota tone moja lililopoa, akalibana kwa kidole gumba, akalinusa, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akafunga ngumi.

Ndipo aliposimama na kusema kwa sauti ya kusikika nje, "Nani ameruka mvukuto wangu?"

"Hilo nalo la kuuliza?" akasema shangazi. "Si huyo kisirani wako hapo mlangoni?"

"Sijaruka!" nilipiga kelele. "Taata, umeniona! Nimesimama hapa tangu mwanzo!"

Alinitazama. Jamani, mtu akikutazama hivyo huwezi kusahau hata ukiishi miaka mia. Kisha akawageukia wale watu saba akasema, "Nisameheni, ndugu zangu. Chuma changu kimeharibiwa na mtoto wa kike."

Wakampa pole, yeye! Walisema mambo hayo hutokea, wakasema watoto wa siku hizi hawana adabu, shule imewaharibu. Mmoja alinitemea mate karibu na miguu ili mkosi usimfuate. Kesho yake Taata aliuza mbuzi aliyekuwa amemtenga kwa ajili ya ada tangu nilete fito, akaenda Isingiro, akanunua springi kwa bei ya yule mwenye duka, na majembe yote saba yakaungwa kabla ya mvua. Watu walimsifu sana. Fito zangu zilitupwa shimoni nyuma ya kibanja, shamba letu la migomba.

Mimi shangazi alinichukua Songambele, eti ninyooshwe. Nililima kwake miaka mitano, na kila kitu kilichoharibika pale, kuanzia pombe iliyochacha hadi ndama aliyekufa, niliangushiwa mimi jumba bovu. Shule sikuiona tena. Nikaolewa kutoka kwake, nikazaa, nikazika, nikalea. Ubaya zaidi ni kwamba niliamini. Mnanisikia? Miaka yote hiyo niliamini. Nilikuwa nikilala na kujiuliza ni lini niliuruka ule mvukuto, labda nikiwa mdogo, labda usingizini. Katika nyumba yangu mwenyewe sikuwahi kuruka hata kinu. Nilizunguka.

Taata alipofariki, mama aliniletea kifuko chake cha ngozi cha kutilia tumbaku. "Alisema upewe wewe," aliniambia, "hakusema kwa nini." Ndani hapakuwa na tumbaku. Mlikuwa na punje ndogo nyeupe, zinazong'aa bado, kama tisa. Nilidhani ni fedha na kwamba mzee alikuwa na siri ya mali. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikaziweka chini ya sanduku pamoja na rozari.

Haya. Mwezi uliopita Adelina alinunua vyuma chakavu kwa vijana wanaovizungusha kwa toroli. Yeye naye, kama babu yake mkuu, kutwa anahangaikia chuma rahisi. Akawa anachambua, hiki huku, kile kule, mara akachukua kipande kimoja chenye utando mweupe, akakipiga tupa mara mbili, akakitupa pembeni huku akisonya.

"Mbona unakitupa kizima?" nikamuuliza.

"Kina bati hiki, Bibi. Chuma kilichoshika bati hakishikani vizuri. Unaunga leo, kesho mshono umepasuka, mteja anakurudishia geti."

"Nani kakuambia?"

"Fundi yeyote anajua. Ukikipasha moto tu, bati linadondoka, unaliona."

Niliweka kikombe chini. Nikaingia ndani nikavuta sanduku, nikarudi na kile kifuko, nikazimwaga zile punje kiganjani mwake. Aliichukua moja, akaiweka juu ya chuma alichotoka kuchomelea sasa hivi, bado cha moto. Ikalegea, ikawa kama chozi.

"Si ndiyo hii?" akasema. "Bati tupu. Umeitoa wapi, Bibi?"

Nilikuwa nahesabu, si punje, nahesabu mpangilio. Kwanza aliinama. Pili aliokota. Tatu alinusa, akatazama. Nne akafunga ngumi. Ndipo, baada ya yote hayo, alipouliza nani ameruka mvukuto. Mtu asiyejua angeuliza kwanza. Baba yangu, mjukuu wa wayeyusha mawe, aliliona bati kwa macho yake na alilijua, akawatazama wale watu saba, akanitazama na mimi, akachagua. Mhunzi aliyetia motoni chuma bila kukijua angechekwa hadi Murongo. Msichana mwenye mkosi hachekwi na mtu, anapelekwa Songambele.

Najua mtakavyosema. Adelina ameshasema, na mwanangu wa pili, yule mwalimu, amesema kwa maneno marefu zaidi. Kwamba mzee alijuta, ndiyo maana akazitunza punje zile na kuagiza nipewe, kwamba huko ndiko kuomba radhi kwa watu wa zamani. Nyoo! Radhi gani inafungwa kwenye ngozi ya tumbaku kwa mtu ambaye hajui bati ni nini, na hajui kwa sababu alitolewa shule? Aliishi miaka zaidi ya ishirini baada ya siku ile. Nilimpikia alipokuja kututembelea. Alikaa jikoni kwangu akala, akaniona nikikizunguka kinu, akanyamaza.

Jana nilimwambia Adelina azime mashine kidogo. Nikanyanyuka kwenye kiti changu, nikakunja kanga, nikaziruka nyaya zake, kwenda na kurudi, huku ananishika mkono na kucheka akidhani bibi amechanganyikiwa. Kisha nikamwambia awashe. Akachomelea geti la watu, likashikana, nikapitisha ukucha nisipate mshono.

Siku ile sikuuruka ule mvukuto. Nilisimama mlangoni, miguu yote miwili nje, na Taata aliniona.