Mizizi ya Kabula

Muhogo uliovundikwa ili uwe udaga unanuka kama viatu vya mgambo. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama, nikamwona dada yangu Kabula enzi zile kwetu Kamanga, kando ya ziwa, kipande cha mkaa mkononi, akiandika hesabu kwenye mlango wa ghala.

Alikuwa likizo kutoka sekondari. Mimi, wa darasa la sita, nilimenya muhogo hadi vidole vikatoa malengelenge; yeye alisoma. Nilimwonea wivu, sitaipamba habari hiyo.

Aliandika moja, akapiga mstari, chini akaweka mbili yenye alama ya kipeuo. Shuleni kwao walisoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kipeuo huitwa mzizi. Naye akakiita mzizi.

"Mzizi haukai chini, mdogo wangu, tunaung'oa. Zidisha juu na chini kwa mzizi huo huo. Chini inabaki mbili tupu, mzizi umepanda juu."

"Si umeibadilisha?"

"Thamani ni ile ile, kichwa maji we! Sura tu."

Nilielewa. Nawaambia kabisa, nilielewa.

Jioni baba akamuuliza Kabula shuleni wanafundishwa nini. Baba alikuwa mzee wa kanisa, aliogopa waganga kuliko mamba. Nikadakia mimi: "Wanafundishwa kung'oa mizizi ya chini, baba. Ameshachora alama zake mlangoni."

Kwetu mtu hang'oi mizizi bure. Ni dawa, na pengine ya kuua. Baba akaenda kuitazama ile alama, akaipaka kinyesi cha ng'ombe. Kabula akaeleza, akalia, mwisho akanigeukia.

"Si useme, Minza! Asubuhi nimekueleza!"

Nikainamia muhogo wangu. Shule zilipofunguliwa, pantoni iliondoka bila yeye.

Juzi mjukuu wangu wa kidato cha pili, ambaye darasani kwao hakuna wa kumfikia, alikwama kwenye hesabu hiyo hiyo. Nikachukua kalamu, nikaupandisha mzizi juu.

"Heh, bibi! Nani kakufundisha?"

"Dada yangu," nikasema, nikamrudishia kalamu.

Kabula alilima muhogo mpaka alipofariki, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Miaka yote hiyo nilijitetea kwamba sikusema uongo. Kweli, kila neno lilikuwa lake. Sura niliiacha vile vile. Thamani ndiyo niliyoigeuza.