Mkuu wa Nidhamu na Daftari la Nadège

Kila asubuhi mkuu wa nidhamu wa shule moja ya Bulengera husimama langoni, rejista kwapani, na saa moja na nusu kamili hulifunga lango, hata kama mtoto amebakiza hatua tatu. Hapigi kelele. Hulowesha kidole gumba, hufunua madaftari ya kazi za nyumbani moja moja, na akiona kosa hukohoa kidogo tu. Kikohozi hicho watoto hukiogopa kuliko fimbo. Mjane Berthe, aliyesomeshwa na masista, alimsifu mtu huyo kwa majirani wote, mpaka siku alipoitwa langoni mbele ya wazazi wenzake. Mkuu alikuwa ameshika daftari la Nadège, binti wa Berthe, kwa ncha za vidole. Akakohoa.

“Mama Nadège, hii mwandiko ni ya nani?”

“Ya mutoto.”

Akampa Nadège kalamu. Mtoto akaandika mstari mmoja, umepinda kama barabara ya Mangina. Mkuu akajaza rejista huku akisoma kwa sauti: “Kazi imefanywa vizuri sana. Na mama.”

Berthe akanong'ona, “Directeur, futa ile maneno. Bazazi banasikia. Jina ya familia yetu!”

“Nifute namna gani, mama? Umepata kumi juu ya kumi.”