Baragumu la Myamba Halilii Bure

Sifael Kaanaeli analima tangawizi na maharage huko Myamba, na ndiye mpiga baragumu wa kitongoji chake. Pembe hiyo ya tandala aliirithi kwa baba yake. Ikilia, kila kaya hutoa mtu mmoja mwenye jembe. Huo ndio msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare: kuzibua mifereji, kutengeneza njia, kuzoa tope la ndiva, bwawa linalotunza maji ya mashamba. Asiyetokea hutozwa faini.

Mwaka huu maofisa wawili wa utamaduni walipanda kutoka Same mjini. Walikuwa wakiandaa maombi ili msaragambo uingizwe katika orodha ya kimataifa ya urithi. Mmoja wao, Prisca, alimwomba Sifael apige baragumu mbele ya kamera.

"Leo hakuna kazi," Sifael alimjibu.

"Babu, mara moja tu. Ya kurekodi."

"Nikipiga, watakuja. Wakikuta nimewadanganya, siku ya kazi nitamwita nani?"

Mwenyekiti wa kitongoji, Hezroni, akamtoa wasiwasi: ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anajua. Sifael akapiga.

Kundi hilo lina vijana wengi na wazee wachache. Haukupita muda, watu wakaanza kuteremka mlimani na majembe. Mbele alikuwa Dorkas, mjane wa kitongoji cha juu.

"Haya, kazi iko wapi?"

"Mama, ilikuwa ya kamera," alisema Hezroni. "Nilituma ujumbe."

"Kwa nani? Simu yangu ni ya tochi!" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sifael, nimeepua ugali mbichi. Siku nyingine ukipiga nitasema ni mbuzi anakohoa."

Sifael alivua viatu, akashuka ndani ya ndiva iliyokuwa hapo karibu, ambayo maji yake yalikuwa yameshafunguliwa asubuhi kwenda mashambani, akaanza kuzoa tope kwa mikono.

Dorkas alimtazama kidogo. "Toka hapo, utavunjika kiuno. Shika jembe."

Wengine wakashuka pia. Prisca akauliza kama anaruhusiwa kurekodi.

"Rekodi," Dorkas alimwambia, "lakini kaya yenu imemtoa nani?"

Prisca akampa mwenzake kamera, akakunja suruali.

Wiki iliyofuata mvua ilibomoa kingo za mfereji. Sifael akapiga tena. Watu walifika, ila kwa kuchelewa. Dorkas alikiri kwamba alisimama kwanza mlangoni, akachungulia barabarani kama kuna gari la wageni.