Baba yangu kwenye bodi ya shule, na daftari langu mezani

Wakuu, habari za jukwaani. Hiki kisa sikiongezi chumvi, daftari lenyewe ninalo hapa mapajani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Form Two, shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Msambweni. Nilikuwa na haya mno. Yote niliyoshindwa kusema niliyaandika.

Baba alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Siku moja meneja akawatangazia wafanyakazi: atakayejitolea kukaa kwenye bodi ya shule atapewa off yenye malipo kila siku ya mkutano, ili hoteli iwe jirani mwema.

Baba alinyoosha mkono kabla meneja hajamaliza kusema.

Akapelekwa shule yangu. Si balaa hilo?

Muhula uliofuata, naibu wa mwalimu mkuu akalikuta daftari chini ya godoro langu. Humo nilikuwa nimeandika wadudu wa maharage, vyoo visivyo na milango, na yeye mwenyewe nimembatiza Bi Kengele. Akasema kesi yangu inakwenda kwenye bodi, nifukuzwe.

Siku ikafika, nikasimamishwa mbele yao. Baba yuko pale mwisho na sare ya hoteli, kibao cha jina kifuani. Nikawaamkia. Akaitikia marahaba bila kuniangalia.

Naibu akasoma: "Ameandika maharage yana wadudu."

"Wamo?" baba akauliza.

"Mzee, hapa tunazungumzia heshima."

"Nimekuelewa, mwalimu. Wamo ama hawamo?"

"Wamo... kidogo."

"Na milango ya vyoo?"

Naibu akajifanya anatafuta ukurasa.

"Mniwie radhi, mimi nafua mashuka tu," baba akasema. "Lakini kwetu kuna kitabu pale mapokezi. Mgeni akiandika chakula kibaya, anaitwa mpishi. Mgeni hafukuzwi."

Nikaanza kupumua. Naibu akafunua ukurasa mwingine, akatabasamu. Wakuu, ukurasa ule niliujua.

"Haya, tusikilize na hapa: 'Baba hana habari na elimu. Amejitolea apate off tu.'"

Mwenyekiti, mzee mwenye duka kule Gazi, akamgeukia baba. "Bwana, na hili nalo ni kweli?"

Angekana, daftari zima lingekuwa la uongo, na mimi ningefungasha sanduku jioni ile. Wala hangelaumiwa.

Baba akakuna shingo. "Ni kweli, mwenyekiti. Mtoto hajakosea."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia.

Sikufukuzwa. Niliambiwa nichambue maharage ya shule nzima kwa wiki, na Bi Kengele akae hapo hapo anisimamie. Sijui nani aliadhibiwa zaidi.

Nje baba aliniambia moja tu: "Mwanangu, ukurasa wangu siku nyingine uuchane kwanza."

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuingia mahali kwa sababu ya ovyo na bado akafaa. Baba alikaa kwenye bodi ile mpaka nikamaliza Form Four, na milango ikawekwa.

Nyinyi je, mmewahi kujitolea kwa sababu ambayo bosi hakuijua? Tiririkeni, nitasoma zote.